Jina Tupu

"Usiniandike jina tupu, madam," mzee alisema kabla hata hajakaa. "Nijazie na hayo mengine."

Saada akamtazama. Mwaka wa nne huo anasajili walinzi katika ofisi ile ya ughaibuni, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na hakuna mgeni aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Wengine hukaa, hutoa kitambulisho, hungoja.

Programu ya usajili ilikuwa imeandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta, na ilikuwa na tabia yake. Ukiitajia kila kitu, `Mlinzi("Hamisi", kituo="hoteli", likizo=4)`, inakutii. Ukiipa jina peke yake, inajaza yenyewe: lango la Lusail lisilo na kivuli, zamu ya mchana, likizo sifuri.

Khalfan, mdogo wake Saada, aliingizwa kwa jina tupu. Mwezi wa nane, jua likiwa kali kupita kiasi, wakamwokota pale langoni, redio ya kiunoni bado inamwita. Pemba alirudi ndani ya sanduku.

Tangu siku hiyo Saada alijifundisha kuisoma ile programu mstari kwa mstari. Kuibadilisha hakukuruhusiwa, kuisoma hakuna aliyemkataza. Na kila mgeni alimjazia kwa mkono wake: huyu hoteli, huyu benki, yule penye kiyoyozi.

"Jina?"

"Nahashon Onyango. Kule nilikokuwa kampuni imefungwa. Nina presha, madam, jua siliwezi tena."

Vidole vya Saada vikasimama juu ya vitufe. Akamwangalia mzee tena, taratibu safari hii, kuanzia mvi mpaka viatu. Kisha akaandika.

`Mlinzi("Nahashon Onyango")`

Akabonyeza.

Mzee alikuwa ameinuka nusu, anachungulia kioo cha kompyuta. "Madam! Hujanijazia!"

"Basi la Lusail liko chini. Likikuacha, shauri yako."

"Madam, tafadhali, ile sehemu itanimaliza..."

"Anayefuata!"

Mlango ulipofungwa, Laban wa meza ya pili akavuta kiti. "Ai, Saada! Mzee wa watu, na presha yake! Amekukosea wapi, na hata humjui?"

"Kwa sura, simjui."

Akaifungua ile programu, akaipandisha mpaka mstari wa kwanza kabisa, akamgeuzia kioo asome mwenyewe. Herufi zilikuwa ndogo, Laban ikabidi ainame.

"Imetungwa na Nahashon Onyango, afisa wa zamu, 2011."