Jina la Mama Yuster

Hakuna jambo linalotokea kijijini kwetu bila mimi kulijua kabla ya wengine. Hili nililijua pamoja na kijiji kizima, mkutanoni, nikiwa nimekaa mbele kabisa na miwani yangu usoni.

Asubuhi ile Mama Yuster alifua kanga yake mara mbili, na huku kwetu juu mlimani maji si ya kuchezea. Mgeni kutoka wilayani alikuwa anakuja kuchagua mhudumu mmoja wa afya wa kijiji, apelekwe mafunzo Masasi, arudi na mshahara. Kazi hiyo Mama Yuster alikuwa ameifanya bure miaka kumi na minne. Mizani ya watoto aliining'iniza yeye kwenye mkorosho wa zahanati. Wajawazito aliwafikisha yeye kituo cha afya cha Mnyambe, wengine amewakumbatia nyuma ya pikipiki.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Tangazo lilitaka kidato cha nne, na yeye aliishia la saba.

"Usihangaike, mwenzangu," Mama Glory, nesi wa zahanati, alimwambia. "Nitakusemea kwa mgeni. Na fomu nakujazia mwenyewe."

Akajaza. Penye jina akaandika: Mama Yuster.

"Na jina langu la shule je?"

"La nini? Huku nani anaitwa kwa jina? Hata mumeo akikuita hilo, utadhani anamwita mwanamke mwingine."

Wakacheka. Ni kweli. Kwetu ukishazaa, jina lako linaliwa na mtoto. Mimi langu hulikumbuka siku ya kupiga kura.

Hao wawili walikalia dawati moja tangu darasa la kwanza. Wakati huo nesi alikuwa Flora tu, binti wa mwalimu mkuu, Mwalimu Cuthbert. Hesabu za Flora zilitoka kwenye daftari la mwenzake, na hilo lilijulikana hata kwa wapishi wa uji. Matokeo ya la saba yalipobandikwa, Mzee Anselmo, baba yake Mama Yuster, alikwenda shuleni mwenyewe kuangalia orodha. Alirudi giza linaingia.

"Jina lako halimo, mwanangu. Wamechukua watoto wa wakubwa. Maskini haokoti."

Akalia pamoja naye. Kesho yake akaingia jikoni akampikia uji kwa mkono wake, mwanaume mzima wa Kimakonde. Wanawake tuliwasimanga waume zetu kwa uji ule miaka mingi. Mwaka uliofuata akaivua nyumba nyasi akaezeka bati, tukasema korosho zimemkubali, na binti akaolewa.

Flora alikwenda kusoma. Mwalimu Cuthbert akahamishwa, akafia hukohuko, tukawasahau. Kumbe miaka miwili iliyopita serikali inatuletea nesi, na nesi mwenyewe ni Flora, amenenepa, mkononi kamshika Glory. Alipoteremka kwenye gari na kuona amepangiwa wapi, alilia. Tukasema ni furaha ya kurudi nyumbani. Ndoo yake ya kwanza ya maji aliletewa na Mama Yuster.

Nesi mzuri, sisemi uongo. Ila kile kibao cha jina cha kifuani hakukivaa hata siku moja. "Pini inatoboa gauni," alisema.

Basi mgeni aliyeahidi saa tatu akafika saa saba. Mzee Anselmo alikuwa amekwisha kukaa kwenye viti vya wazee, amevaa koti la kanisani.

"Shikamoo, baba," Mama Yuster alimpigia goti.

"Marahaba, mwanangu. Leo watakuona."

Mgeni akafungua faili. "Kabla hatujafika kwenye uchaguzi," alisema, "nina pongezi za wilaya. Zahanati hii imeongoza kwa chanjo. Namwomba asimame Winfrida Anselmo."

Mama Yuster hakuinuka mara moja. Aliangalia huku na huku, kama mtu aliyesikia sauti ya marehemu. Kisha akasimama, akaifunga kanga vizuri.

Lo! Vigelegele vya kwanza nilivipiga mimi. Chanjo zile nani alizizungusha nyumba kwa nyumba, jua la saa nane, deli la barafu begani? Wanawake wakasimama, wakamtikisa mabega. Winfrida! Tulikuwa tumelisahau jina lenyewe, na lilivyo zuri.

Mgeni alimtazama, akatazama faili, akamtazama tena.

"Samahani, mama yangu, wewe keti. Namwita muuguzi wenu." Akamwonyesha Mama Glory kwa mkono. "Winfrida Anselmo. Ana kidato cha nne na cheti cha uuguzi. Si ndiye huyu?"

Vigelegele vikakatika, changu kikanibakia kooni.

Mama Glory alisimama polepole. "Majina hufanana, mheshimiwa," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mpaka la baba?" Mama Yuster hakupaza sauti. "Flora, wewe si wa Mwalimu Cuthbert?"

Mgeni akafunga faili, akalifungua tena.

Mama Yuster akageukia viti vya wazee, kwa shahidi ambaye hakuna wa kumpinga. "Baba, inuka. Waambie binti yako Winfrida ni yupi."

Mzee Anselmo aliinuka. Hakumtazama bintiye hata kidogo. Alimkazia macho nesi.

"Baba yako aliniapia," alimwambia, "kwamba hilo jina litafanyia kazi mbali, huko Kigoma."