Maji Kila Asubuhi

Maji yalikuwa yamejaa kisahani na kuanza kudondoka sakafuni, lakini mdogo wa mfamasia aliendelea kumimina.

"Unazima moto?" mfamasia aliuliza.

"Namwagilia mmea wa mama, dada. Ameagiza kila asubuhi, mpaka..."

"Mama hawezi kuagiza upuuzi. Wewe ndiye husikii."

Mfamasia alikuwa amepita nyumbani kwa mama yao kuchukua kanga za kumpelekea hospitali. Nyonga yake iliyovunjika ikishapona, mama asingeruhusiwa tena kuishi peke yake. Ilibidi achague binti wa kukaa naye. Mfamasia alikuwa na chumba cha ziada chenye kitanda kipya. Mdogo wake alikuwa na kochi na kicheko kingi. Hata hivyo mama alikuwa bado anasitasita, na mfamasia aliona ni dawa za maumivu tu zinazomchanganya.

Alibonyeza jani. Lilipasuka kama lengelenge. Mmea wa aina ile, wenye majani manene yanayoning'inia kama misuko, hujiwekea maji wenyewe. Kuumwagilia kila siku ni kuuozesha. Na mahali ulipotundikwa! Nyuma ya mlango wa choo, gizani, ukiwa bado na utepe mwekundu wa zawadi tangu siku marehemu baba aliporudi nao kutoka safari ya kikazi.

"Watu wa nyumba hii hamna akili," alisema, akautungua.

"Dada, uache tu. Kweli."

"Nikuachie uuue?"

Mdogo wake alichukua tambara, akaanza kufuta sakafu.

Kwake, mfamasia alikata mizizi iliyooza, akaupanda upya kwenye udongo wa kichanga, akautundika penye jua. Majani yaliyopukutika hakuyatupa. Aliyalaza juu ya udongo mkavu, na kila moja likatoa chipukizi. Utepe aliufua, akaupiga pasi.

"Hivi ule mmea wa chooni bado upo?" mama alimuuliza siku moja kwenye simu.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Niko nao mimi."

"Haya," mama akasema.

Mfamasia alitabasamu. Mdogo wake angejifunza sasa tofauti ya kupenda na kujua.

Siku mama alipotoka hospitali, chumba kilikuwa tayari. Misuko ya kijani ilining'inia dirishani, utepe ukiwaka juani. Vichipukizi vilijipanga kwenye vyungu vidogo juu ya kabati, kwenye rafu, mpaka kando ya mto wa kulalia.

Mama alisimama mlangoni, ameegemea mkongojo wake. Alitazama dirishani, kabatini, kitandani. Kisha akamgeukia binti mdogo, aliyekuwa amembebea mkoba.

"Usiutue huo, twende kwako. Nilikwambia uumwagilie ule mmea mpaka uoze. Ona sasa, hawara wa baba yako amezaa chumba kizima."