Kesi ya Kigong'ota

Hivi ninyi, mmeshawahi kumfukuzisha mtu kwake kwa kumshuku tu? Digidigi aliwahi. Kitoto chake kilikuwa kikilala mchana dakika ishirini tu, kinaamka kinalia, na mama wa watu hajala, hajaoga. Akamshuku jirani yake Kigong'ota, anayetoboa mti kutafuta wadudu.

“Wewe fundi, unamwamsha mwanangu makusudi!”

“Mama, mimi nagonga dakika ishirini, halafu napumzika. Mwanao huamka nikinyamaza. Just observe!”

“Nyoo! Msomi wa magogo!”

Akamshtaki kwa Mwenyekiti Kiboko. Kiboko, bila kuuliza hata swali moja, akamfukuza Kigong'ota msituni.

Kesho yake msitu ulikuwa kimya kabisa, na kitoto hakikufumba jicho. Kililia mpaka jioni. Digidigi akarudi kwa Kiboko mbio.

“Mzee, nilikosea. Ule mlio wa mti ukigongwa ndio uliokuwa ukimbembeleza mwanangu.”

“Case closed,” akajibu Kiboko, akazama majini.

Closed kitu gani? Mheshimiwa, toka huko majini, umrudishe Kigong'ota kwenye mti wake leo hii, na umwombe radhi mbele ya msitu mzima!