Siagi Mkobani

Kifuko cha tatu cha siagi kiliingia mkobani, na dada mtu akajifanya anatazama bahari.

Vilikuwa vile vifuko vidogo vya karatasi ya kung'aa, vinavyowekwa kwenye kibakuli katikati ya meza, karibu na mikate. Mdogo wake alivichukua kwa vidole viwili huku akimsifia mama wa meza ya jirani kofia yake. Hata zipu ya mkoba aliifunga bila kuitazama. Mkono uliozoea.

Dada mtu alihesabu tu. Alikuwa fundi cherehani, na fundi hakati kitambaa kabla hajakipima.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kaka yao alikuwa amelazwa hospitali, figo zote mbili zimemsusa. Dada hawa wawili walipimwa, na wote wakaonekana wanafaa kumpa figo moja. Ila wote, jamani, walikuwa wamegusa mwisho wa uzito ambao daktari aliukubali.

"Nitamchukua atakayerudi mwepesi," daktari alisema. "Mkirudi wazito wote wawili, mgonjwa wetu hana mtu."

Kurudi, maana palikuwa na safari ya meli. Tiketi alizipata kaka yao mwenyewe, aliyekuwa dobi wa meli ile tangu ujana, na hazikuweza kubadilishwa jina wala siku. "Nendeni mkaone nilikofulia mashuka," aliwaambia kutoka kitandani, akicheka kwa shida. "Ila mkinirudia mmenenepa, nikifa nitawafufukia."

Basi meli ile ilikuwa chakula kuanzia kunapopambazuka. Keki za ghorofa, nyama za kukatiwa pale pale, matunda yaliyochongwa yakawa maua. Watu walijipakulia hadi sahani zikaomba msamaha. Dada mtu alijiwekea sheria: asubuhi tunda, mchana na jioni supu ya mboga, basi. Supu aliletewa na mdogo wake, imefunikwa kwa kisahani isipoe. Ilikuwa laini, inateleza kooni yenyewe.

"Wapishi wa humu wana mkono," alisema.

"Kunywa, dada. Una watoto watatu wanakusubiri."

Maneno matamu. Lakini dada mtu alimjua mdogo wake. Siku ya chanjo shuleni, huyu aliruka dirisha akakimbia hadi nyumbani na kiatu kimoja. Sindano tu ilimtoa mbio, sembuse kisu? Na njia ya kukikwepa kisu ilikuwa rahisi: ale, anenepe, mizani imkatae, dada mkubwa ndiye apasuliwe.

Akaanza kumchunguza. Kila baada ya mlo mdogo mtu alitoweka. "Nakwenda kunyoosha miguu," husema, na akirudi anahema, uso unang'aa kama aliyepakwa mafuta. Alivaa magauni mapana, ya kuficha mwili. Kisha siku moja hereni ya dada mtu ilidondoka kwenye pipa la takataka chumbani mwao. Alipoinama kuitafuta, akakuta karatasi za siagi zimerundikana humo kama magamba ya samaki.

"Siagi hii yote inakwenda wapi?"

Mdogo mtu alikuwa ameiweka supu mezani, sasa anachana nywele. Kitana kikasimama.

"Imeliwa, dada. Nikuambie nini?"

"Kavu kavu? Bila mkate?"

"Kila mtu na njia yake."

"Mwoga wewe! Kaka yako anakufa, wewe unalamba siagi!"

"Utanitukana ukimaliza supu. Inapoa."

Kikulacho ki nguoni mwako, dada mtu aliwaza, akalishika bakuli kwa hasira. Basi wa kupasuliwa ni mimi. Alipolitamka neno hilo moyoni akawakumbuka wanawe: nani angewashonea sare, nani angewaamsha asubuhi, ikiwa yeye hataamka? Hata hivyo, kaka ni kaka. Akaacha hata tunda. Ikawa supu tu, na njaa ikimzidi, bakuli la pili, ambalo mdogo wake alilikimbilia kabla hata hajaombwa mara mbili.

Sketi yake ikaanza kumbana kiunoni. Akawalaumu madobi wa meli: tangu kaka yao aondoke, wanafua kwa maji ya moto, nguo za watu zinasinyaa. Kupanda mizani ya ukumbi wa mazoezi hakutaka. "Mizani ya majini ni ya uongo," alisema. "Bahari ikikohoa, unaongezeka kilo."

Siku ya kurudi walikwenda hospitali moja kwa moja, na mabegi yao.

"Tangulia, dada," mdogo mtu alisema.

Muuguzi akasogeza kidude cha mizani. Akakisogeza tena.

"Mama, umezidi. Tena si kidogo."

"Mizani yako mbovu."

"Hii? Asubuhi imempima daktari mwenyewe, akanuna."

Dada mtu akashuka. Tumemuua kaka, aliwaza. Akamgeukia mdogo wake kwa macho ya moto, tayari kumwambia yote mbele za watu.

Mdogo mtu alikuwa amekwisha kuvua viatu na kupanda. Lile gauni pana lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Kidude cha mizani kikarudishwa nyuma, na nyuma, na nyuma tena.

"Umefanyaje, dada yangu?" muuguzi akashangaa.

"Ngazi tu. Meli ile ina ghorofa nyingi."

"Basi ni wewe." Na muuguzi akafungua sindano ya kutolea damu.

Mdogo mtu akakunja mkono wa gauni. Alipoiona sindano akafumba macho, akaupapasa mkono wa dada yake, akaukamata kwa nguvu zote.

"Nisamehe, dada," akasema, meno yakigongana. "Supu ya mboga haiwi laini vile bila siagi."