Kitambaa cha Hamdani

Mwongo mimi namjua kabla hajafungua mdomo. Ila mume wangu nilimjua mwaka wa thelathini wa ndoa; na jirani yangu Bi Nunuu naye msikieni.

Siku ya arobaini tangu Hamdani azikwe, hitima ilipokwisha, rafiki yake Chande alimletea Bi Nunuu begi la mwanawe kutoka gereji walikokuwa wakichomelea mageti pamoja. Ndani mlikuwa na ovaroli, na chini yake kitambaa cheupe cha kochi, kimefumwa nusu, sindano ya kufumia bado imo.

Bi Nunuu alikigeuza, akakigeuza tena. "Cha nani hiki?"

"Chake, mama. Alikuwa akifuma saa ya chai. Sisi tulimcheka tu, mambo hayo hatuyajui."

Miaka ishirini na mitatu amempikia na kumfulia, leo mtu wa gereji ndiye wa kumweleza habari za mwanawe! Hilo hakulikubali.

"Najua," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Ala! Basi kimalizie, mama, ukitandike hapo."

Bi Nunuu aliishika sindano kama anayekoroga uji. Akachoma hapa, akachoma pale, kisha akavuta uzi. Ua moja likafumuka. Akavuta tena, la pili nalo likaanza.

"Usivute!" Chande aliruka mkekani. "Hapo unaruka matundu mawili, ndipo unarudi!"

Bi Nunuu akamtazama usoni, kisha akavitazama vile vidole vyenye makovu ya moto, ambavyo vilikuwa vimeshaushika uzi vyenyewe.