Kibao cha Meneja wa Mbege

Siku hizo mwenye leseni ya umeneja wa kilabu cha pombe alipimwa mwenendo hadi nyumbani kwake. Kibao cha leseni kilitundikwa sebuleni, kikasikiliza. Tusi lilikuwa kosa, ugomvi kosa, na uongo haukukipita hata mara moja; kila kosa liliwasha taa yake nyekundu. Makosa matatu, kilabu kinafungwa.

Ndeshi, meneja wa kilabu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi, alikuwa na mawili, yote ya kudanganya kwamba kwake ni shwari. Asubuhi hiyo mumewe, Elinami, aliubeba ulezi ambao Ndeshi aliuotesha na kuuanika vizuri kwa ajili ya pombe, akawamwagia kuku.

"Nitukane basi, Mama Manka," akamchokoza mkewe, akinyooshea kibao kidole. "Mwenzio anasikiliza."

"Umeshakula, baba?" Ndeshi akauliza kwa upole.

Elinami akacheka, akamzaba kofi, akatoka zake. Kofi lake halikuandikwa popote, kwani leseni haikuwa yake.

Ndipo kibao kikauliza swali lake la kila mwezi: "Nyumba hii ina amani?"

Ndeshi akakigeukia. Akisema haina, ni ugomvi. Akisema ina, ni uongo. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchicha, akainamisha uso.

"Ina," akasema Ndeshi, akafumba macho kungoja taa nyekundu.

Ikawaka ya kijani.

"Mwanangu, kimeharibika?" mama mkwe akanong'ona.

Ndeshi alijua hakijaharibika. Aliketi sakafuni taratibu, akajipapasa kifua kama anayetafuta hasira aliyokuwa nayo mwezi uliopita.