Kilio cha Pulchérie

Picha ya kifo chake Pulchérie aliichagua mwenyewe. Alizipitia zote kwenye simu, akaikataa ile ya sare ya shule kwa sababu ilimjaza mashavu, akatua kwenye ile aliyopigwa kando ya ziwa siku ya Pasaka, shingo ameilaza kidogo kama mtu anayesikiliza wimbo.

“Hii,” akamwambia Ketsia, binti ya baba yake mdogo. “Weka mushumaa pembeni. Andika malaria ya ghafla, nimefia njia ya Uvira.”

Ketsia aliishika simu yake bila kuandika. “Na mama yako?”

“Mama iko Lulimba, ku shamba. Simu yake ni ya kubonyeza tu, ataona nini? Andika, Ketsia. Siku mbili tu, kisha nitarudia nyumbani.”

Yote yalianza na Chérie. Alikuwa msichana wa darasa lao, mkimya, hata mwalimu hulisahau jina lake. Mwezi uliopita alikufa kwa homa, na kufikia jioni kila simu mjini Baraka ilikuwa na uso wake. Redio ililisoma jina lake, ikampigia wimbo wa kanisa mpaka mwisho. Naye Élie, ambaye Pulchérie alikuwa akimwandikia salamu kila asubuhi bila kujibiwa, aliandika: “Nyota yetu imezimika.” Élie hakuwahi kusema na Chérie hata neno moja.

Wiki hiyohiyo ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Pulchérie. Aliweka picha yake nzuri, kwenye simu ambayo Mama alimnunulia kwa karanga za Lulimba, akakaa akiitazama kama mtu anayengoja sufuria ichemke. Aliyempongeza ni Ketsia tu, na namba moja asiyoijua iliyouliza kama anauza makaa.

Basi Ijumaa mchana alipanda pikipiki hadi Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa Espérance, rafiki yake Mrundi aliyewahi kusoma naye.

“Kwenu banajua uko hapa?” Espérance akauliza.

“Banajua.”

Jioni Ketsia akaituma ile picha.

Pulchérie alilala chali kwenye mkeka wa watu, simu usoni, akajitazama akililiwa. Machozi yalimiminika kwenye kioo mpaka simu ikapata joto. Wasichana waliomcheka kwa viatu vyake waliandika kwamba alikuwa dada yao. Mwalimu wa Kifaransa aliandika kwamba shule imepoteza taa, yeye ambaye juzi tu alimwita gogo. Élie aliandika: “Kwa nini sikukuambia?” Pulchérie akakibusu kioo.

Kisha baba yake akaanza kupiga. Akapiga, akapiga tena. Pulchérie aliiacha simu itetemeke kifuani mpaka ikanyamaza. Naye alie kidogo, aliwaza. Tangu lini aliniambia neno tamu?

Asubuhi Ketsia akaandika: “Pulché, bimezidi. Redio imesoma jina yako. Rudia.”

Redio! Pulchérie akaketi kitako. “Balinipigia wimbo gani?” akaandika.

Jibu halijafika, simu ikazima. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, jua halikutoka, na kambini kote hapakuwa na pa kuchaji. Angeweza kurudi saa hiyo. Lakini kilio hunoga siku ya pili, ndugu wa mbali wakishafika. Akangoja. Hakuna aliyekuja kumtafuta, naye akamsifu Ketsia moyoni kwa kujua kufunga mdomo.

Jumapili baada ya misa alishuka pikipiki mbali kidogo na kwao. Turubai lilikuwa limetandwa uani, viti vya kanisa vimepangwa, wamama wamejifunga vitenge kiunoni na vilio vinapanda na kushuka. Watu walijaa mpaka barabarani. Kwa Chérie hawakufika hata nusu yao. Pulchérie alijipangusa vumbi, akalamba midomo, akasikitika kwamba simu imekufa na hataweza kuzipiga picha nyuso zao. Kisha akaingia, mikono juu.

“Mi huyu! Niko muzima!”

Hakuna aliyepiga yowe. Hakuna aliyekimbia wala kumrukia shingoni. Wamama walimtazama, wakainamisha vichwa, wakaendelea kulia. Élie, aliyekuwa amekaa na vijana wa darasa, alimpa kisogo. Ketsia alichutama ukutani, mdomo umevimba.

Baba yake alikuja polepole, bado amevaa nguo zake za kuvulia samaki.

“Baba, ni mi. Sikufa.”

“Tunajua,” baba akasema. “Ketsia alisema yote jana.”

Pulchérie akawatazama wamama. Akacheka kidogo.

“Sasa mbona banalia tena?”

Baba akasogea pembeni, mlango ukaonekana, na ndani, kwenye mkeka, mtu aliyefunikwa kitenge kuanzia kichwani.

“Mama yako alisikia redio kule Lulimba,” akasema. “Aliambia mutu wa piki akimbize sana ku ile mvua, afike kabla bakuzike.”